Herufi Baada ya Kistari

Diski imo kwenye droo ya chini ya meza hii, ndani ya soksi. Haijaharibika. Mke wangu anadhani imeharibika kwa sababu ndivyo nilivyomwambia, na watoto wamekatazwa kuigusa. Nimeinua nyumba ya vyumba vinne hapa Nakuru, nina duka la kufunga kamera za ulinzi lenye mafundi wawili ninaowalipa mimi, na cheti changu cha diploma ya teknolojia ya habari kiko ukutani katika fremu niliyoinunua Doha. Hayo yote nimeyapata bila mjomba serikalini. Nayasema mapema ili msomaji asidhani anayeandika ni mtu aliyeshindwa na maisha. Sikushindwa. Lakini diski ile sijaichomeka kwenye kompyuta tangu nirudi, na kila nikivuta droo kutafuta bisibisi, mkono wangu hupita mbali na soksi kana kwamba ndani yake kuna kitu kilicho hai.

Kusoma majina ya faili nilikujua kabla sijaijua Doha. Nilipokuwa chuoni, mjini humu humu, intaneti ilikuwa ya kudondoka. Filamu moja ilichukua siku tatu kushuka, na ukikosea kuchagua, siku tatu zako zimekwenda na umebaki na giza lenye watu wanaokohoa. Mwenye duka la kuchoma sidii karibu na stendi alikuwa amepoteza siku nyingi kwa njia hiyo. Mimi sikumpotezea hata moja. Nilitazama jina, nikamwambia hii shusha, hii achana nayo. Wenzangu darasani walikuwa bado wanakariri nadharia, mimi tayari nategemewa.

Jina lenyewe lilikaa hivi: Jina.La.Filamu.Mwaka.DVDRip.XviD-KUNDI. Nukta badala ya nafasi, kwa sababu mashine za zamani zilichanganyikiwa na nafasi. Kisha mwaka. Kisha chanzo, na hapo ndipo uzito wote ulipokuwa. Ukiona CAM, ujue mtu aliketi sinema na kamera mapajani, utaona kichwa cha anayekwenda msalani. Ukiona TS, picha bado imepigwa na kamera lakini sauti imechukuliwa kwenye mitambo ya sinema yenyewe, maana yake kuna mtu alikuwa ndani. DVDRip ilitoka kwenye diski halali. Kisha namna ilivyobanwa ili itoshe. Mwishoni kistari, na baada ya kistari, herufi za kundi lililoitoa.

Makundi hayo hakuna aliyewahi kuyaona. Walikuwa watu wa mbali, hawakulipwa na yeyote, walishindana tu nani wa kwanza na nani msafi. Na walikuwa na sheria. Aliyeandika DVDRip juu ya CAM aliaibishwa mbele ya wote, faili yake ikatangazwa kuwa imeoza. Kundi jingine lilitoa yake na kuongeza neno PROPER, kwamba wale wa kwanza wamekosea, hii ndiyo yenyewe. Kila filamu ilikuja na kifaili kidogo cha maandishi, kimepambwa kwa michoro iliyojengwa kwa herufi, kikiwa na salamu kwa marafiki na matusi kwa mahasimu. Walikuwa wezi, sikatai. Lakini katika mtaa wetu maziwa yalikuwa nusu maji, na saruji ilikuwa na mchanga kabla hujaichanganya na mchanga, ilhali CAM iliandikwa CAM. Kwa kijana niliyekuwa mimi, hiyo ndiyo bidhaa pekee iliyosema ukweli kuhusu ilikotoka.

Basi nikajipa herufi zangu. Tatu, za mwanzo wa majina ya mama yangu, na tarakimu mbili za mwisho za nambari yangu ya usajili chuoni. Sikuwa na filamu ya kuzitia, kwa hiyo nilizitia kwenye video za harusi nilizopiga mtaani. Bwana harusi mmoja alikuja dukani amefura kwa sababu harusi yake niliiandika CAM. Nikamweleza kwa upole kwamba ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa nimeketi na kamera. Herufi hizo hizo nikazitumia kufungulia anwani ya barua pepe, na anwani hiyo ndiyo niliyoandika kwenye kila ombi la kazi, kwa kuwa niliipenda na sikuona sababu ya kuibadilisha.

Doha nilikwenda kama mlinzi. Diploma ilikuwa kwenye begi. Miaka mitatu nilisimama kwenye lango la mizigo la jengo kubwa la maduka, upande wa nyuma ambako malori hushusha bidhaa, na kiangazi cha kule mtu aliyekizoea hasimulii, huvaa tu fulana ya pili ndani ili inyonye jasho. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimesomea nini. Niliitwa kwa nambari ya lango.

Tuliishi mtaa wa Najma, wanane chumba kimoja, vitanda vya ngazi. Changu kilikuwa cha chini, nikakitundikia pazia. Dunia nzima ilikuwa imeshahamia kwenye filamu za kulipia mtandaoni, lakini jengo letu lilikuwa na orofa nne zikigombania intaneti moja, na saa za kupiga simu nyumbani ilikabwa koo kabisa. Kwa hiyo diski ziliendelea kuishi. Yangu ndiyo ilikuwa maktaba. Walinzi wa Kenya na madereva wa Uganda walikuja Ijumaa na diski zao, wakaketi kitandani pangu kwa zamu, nami nikawanakilia. Kila faili iliyoingia kwangu ikiwa na jina la ovyo ilitoka na jina kamili kwa sheria ile ya kale: nukta, mwaka, chanzo, na pale nilipokuwa nimerekebisha sauti au maandishi ya chini, kistari na herufi zangu. Baadhi yao walikuwa wadogo mno kuyakumbuka makundi yale. Walidhani nimebuni mimi. Sikuwasahihisha.

Aliyelala juu yangu alikuwa Mganda wa Masaka, mwanamume aliyevuka arobaini, zamani alikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari. Aliimba sauti ya chini katika kwaya, na Ijumaa asubuhi alipanda basi la kwenda Mesaimeer kwenye makanisa akiwa amevaa shati lililopigwa pasi kwa chupa ya maji moto. Aliniita Injinia. Mimi nilimwita mzee wangu. Kazi yake ilikuwa katika sinema ya jengo lile lile nililolinda, chumba cha mitambo: kuwasha, kuzima, kusafisha vichujio, kuangalia sauti. Alikuwa na binti wawili. Mkubwa alishaolewa. Mdogo alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi.

"Miezi minane, ssebo," alikuwa akiniambia, kwa neno lao la heshima. "Miezi minane amalize. Baada ya hapo hata wakinifukuza nitaondoka nikipiga mluzi."

Kila mwezi ulipoisha alishusha mkono kutoka kitandani kwake na kunionyesha vidole vilivyobaki. Vilipobaki vitano, mkono mmoja ulitosha.

Wakati huo kulikuwa na mtu mwingine mwenye maktaba, Mkenya wa Nairobi aliyeishi Fereej Bin Mahmoud, mhudumu wa hoteli mwenye maneno mengi. Tulikutana Ijumaa moja kwenye kibanda cha chai ya karak, mimi nikiwa na mzee wangu, yeye akiwa na kundi lake.

"Buda," akaniambia, akinyanyua kikombe kama anayenitakia heri, "nimeskia maktaba yako inataka kuchukuliwa na makumbusho."

Wakacheka. Nikamwambia kwamba zake zote ni CAM zilizoandikwa majina ya uongo.

"Na zako ni za lini? Watu wanataka ya wiki hii, wewe unawapatia lebo smati ya muvi mzee. Diploma yako ni ya kuandika vibandiko, ama?"

"Iko chuo gani hiyo kozi ya vibandiko?" akauliza mmoja wao.

Mzee wangu naye alicheka, kidogo, kwa adabu. Nilimwona. Tulirudi Najma, na kabla hajapanda kitandani nilikuwa nimeshapanga.

Nilimwambia: filamu kubwa ingeanza wiki ile, na yeye alikuwa ndani ya chumba cha mitambo. Kulikuwa na kidirisha cha kioo kando ya mashine. Kulikuwa na tundu la kusikilizia sauti wakati wa majaribio. Simu na waya ningempa mimi. Onyesho la asubuhi ya siku ya kazi lisingekuwa na watu kumi.

"Injinia, hiyo kitu ninaiogopa," akasema.

"Ni mara moja tu, mzee wangu."

"Mara moja ndiyo inatosha kufukuza mtu. Unajua nimebakisha ngapi?" Akaonyesha vidole, vinne.

Nikamkumbusha nani alimjazia binti yake fomu za chuo mtandaoni. Nani alimwandikia rufaa walipotaka kumnyima chumba cha kulala chuoni. Sikupaza sauti. Nilimkumbusha tu. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akaitazama mikono yake, halafu akauliza waya wenyewe unachomekwa wapi.

Alifanya kazi safi. Nilimtazama alipoingia chumbani siku ile na kunipa simu kama anayerudisha kisu cha jirani. Picha ilikuwa imetulia, imenyooka, kwa kuwa simu ilikaa juu ya kitu kigumu, na sauti ilikuwa kama ya studio. Siku yangu ya mapumziko nilifunga pazia nikaunganisha picha na sauti tangu asubuhi hadi mchana. Yeye alikuwa zamu ya jioni, kwa hiyo alikuwa hapo, ameketi sakafuni akila ndizi, wakati nilipofika kwenye kuandika jina. Nikaandika nukta zote. Nikaandika mwaka. Nikaandika TS.

Nilikuwa nimemfundisha maana zake zamani, katika zile jioni za kungoja usingizi. Akainuka kutazama.

"Andika CAM, ssebo."

"Hii si CAM."

"Nani atajua?"

"Atakayesikia sauti atajua. Nikiandika CAM nitakuwa mwongo kama yule wa Bin Mahmoud."

"Kuna hasara gani kuwa mwongo siku moja?"

Nikamcheka. Nilimwambia hii ndiyo mara ya kwanza katika jengo lile mtu kutoa kitu chake mwenyewe, na hakitatoka na lebo ya kujidharau. Nikaweka kistari. Nikaweka herufi zangu. Kisha nikaandika kifaili cha maandishi, na ndani yake nikamtumia hasimu wangu salamu alizostahili.

Siku nne baadaye yule wa Bin Mahmoud alikuwa nayo. Kifaili cha maandishi alikifuta, naelewa kwa nini. Lakini jina hakulibadilisha, kwa sababu wanakili ni wavivu, na jina likasafiri lilivyo. Wiki ile nililetewa diski na watu nisiowajua, wakinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tena. Nilisimama langoni kwenye joto nikiwa nimejaa kama puto.

Kisha malori mawili yalikuja asubuhi, la tatu halijafika, na redio begani kwangu ikataja nambari yangu. Niende juu, chumba cha kamera. Sasa hivi.

Chumba cha kamera kilisimamiwa na mama wa Kimombasa. Alikuwa Doha kabla jengo lile halijajengwa. Hijabu yake ya kijivu haikuwahi kupinda, na sijapata kumsikia akipaza sauti. Mudir, yaani meneja wa jengo, mtu wa kuogopwa na wote, alimshikia yeye mlango. Ndani kulikuwa na baridi. Jasho langu lilianza kukauka mgongoni, nikasikia fulana ikigeuka ngumu.

"Keti, mwanangu," akasema. "Naambiwa una diploma."

Miaka mitatu. Nikasema ndiyo, Mama, ya teknolojia ya habari, kwa alama za juu. Nikaongeza kwamba nilikuwa wa pili darasani, ingawa hakuuliza.

Akanisukumia karatasi. Alikuwa ameandika kwa kalamu, herufi kwa herufi, jina la faili yangu lote, nukta zote, hadi mwisho. Mlinzi wa maegesho amekutwa akiitazama kwenye simu, akasema, na filamu ina wiki moja sinema. Wenye sinema wanataka kupekua mikoba ya wateja. "Wao wasema ni mteja. Mimi mambo haya siyajui. Hebu nisomee, kila kipande na maana yake."

Nimeikumbuka dakika ile mara nyingi kuliko siku ya ndoa yangu. Ningeweza kusema TS ni namna tu ya kubana picha. Ningeweza kusema ni jina la mji. Kwenye meza kando yake kulikuwa na kiti kitupu, na mbele ya kiti skrini tatu, na juu ya kiti hicho hewa baridi ikimwagika. Aliona ninapotazama.

"Kijana wa hapo amehamishwa," akasema. "Natafuta mtu mwenye kisomo."

Nikaanza na jina. Nikaenda kwenye nukta, nikamweleza mashine za zamani. Mwaka. Alikuwa akiandika. Nilipofika kwenye chanzo, nilijisikia nikisema kwa sauti ile ile niliyotumia kwa mwenye duka la sidii.

"CAM ingekuwa mteja, Mama. Ameketi kitini na simu. Lakini hii ni TS. Sauti imetoka kwenye mitambo. Mteja hawezi."

Kalamu yake ilisimama.

"Mteja hawezi."

"Hawezi."

"Wenye ufunguo wa mitambo ni watatu," akasema polepole, kana kwamba anahesabu wageni wa chakula. Kisha akaweka ncha ya kalamu juu ya kistari. "Na hizi za mwisho?"

"Hilo ni kundi," nikasema. "Watu wa mtandaoni. Nje huko. Hawajulikani."

"Hawajulikani," akarudia, akaandika na hilo. Akanishukuru kwa heshima. Nilipofika mlangoni akasema nisirudi langoni, niketi pale kwenye kiti, kwani lipo jambo dogo la kumsaidia nalo.

Jambo lenyewe lilikuwa kutafuta, katika picha za kamera ya ujia wa sinema, asubuhi za wiki ile ambazo mmoja wa wale watatu aliingia chumba cha mitambo na kitu mkononi. Nilikuwa fundi mzuri. Haikunichukua nusu saa. Alikuja kwenye skrini kutoka kulia, shati lake limenyooka, waya wangu ukining'inia mfukoni mwake kama mkia wa panya, na kabla ya kufungua mlango aligeuka akatazama juu, moja kwa moja kwenye kamera, kwa uso wa mtu anayeangalia kama mvua itanyesha.

Mama alisimama nyuma ya kiti changu. Alinukia udi.

"Kikate kipande hicho," akasema. "Kipe jina ambalo hata asiyejua atalielewa."

Nikaandika mahali, nukta, tarehe, nukta, saa, nukta, nambari ya kamera. Chanzo kwa usahihi. Nilipomaliza, kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye kistari. Nikakirudisha.

Walimchukua mchana ule. Kesho yake walimleta Najma na mtu wa kampuni ili akusanye vitu vyake, alikuwa na nusu saa. Wenzetu wengine walikuwa kazini. Yule wa kampuni alisimama ujiani akipiga simu, nasi tukabaki wawili kati ya vitanda. Alikunja mashati yake moja moja. Vidole vilikuwa bado vimebaki vinne.

"Wameniuliza hizo herufi zako siku nzima," akaninong'oneza. "Nikasema sijui, ni watu wa mtandaoni huko nje. Wazungu. Zifute, ssebo. Futa zote."

Nikasema nitafuta.

"Kitu kimoja tu sielewi." Alikuwa akibana zipu ya begi kwa goti. "Walikuwa wanatafuta mteja. Rafiki yangu wa tiketi aliniambia, watapekua mikoba. Halafu ghafla, khalas, wanakuja kwetu ndani. Nani aliwaambia sauti ilitoka ndani?"

Begi likakubali kufungwa. Akanyanyuka, akanitazama, akingoja, kama mtu anayemwuliza fundi swali la fundi. Nami nilikuwa ndiye fundi.

"Sijui, mzee wangu," nikasema.

Akanikumbatia. Alinukia sabuni ya kufulia.

Barua ya cheo changu kipya ilikuja baada ya juma moja, ndani ya bahasha ya kahawia ambayo Mama mwenyewe aliiweka mezani kwangu. Nyuma ya barua kulikuwa na karatasi ya pili. Ilikuwa nakala ya ombi langu la kazi la miaka mitatu iliyopita, lile nililotuma kutoka Nakuru. Pale palipoandikwa anwani ya barua pepe, herufi tatu na tarakimu mbili zilikuwa zimezungushiwa duara la wino, kwa kalamu ile ile.

Nikageuka. Alikuwa akitazama skrini zake.

"Ulijua tangu lini, Mama?"

"Kabla sijakuita," akasema. "Nilitaka nione utaanza na nani."

Miaka minne nilikaa kwenye kiti kile chenye baridi, nikapanda vyeo viwili, na jengo lote lilijua kwamba mimi ndiye mtaalamu. Kila baada ya wiki kadhaa alikuja nyuma yangu na karatasi au picha, akasema, hebu nisomee, mwanangu. Nilimsomea. Mhudumu wa usafi aliyelala stoo. Dereva aliyempa mwenzake kadi ya mlango. Nilisoma kila kitu kwa usahihi, na kila nilichokata nilikipa jina safi. Bahasha ile haikutajwa tena, kwa kuwa haikuhitajika kutajwa. Nilipoandika barua ya kuacha kazi aliisoma mara mbili, akaniambia nimefanya vyema kujijenga, na kwamba ataitunza faili yangu. Nilirudi kwa tiketi niliyoinunua mwenyewe. Hilo nalisema kwa fahari, na ni kweli.

Nisingeandika haya kama si ujumbe ulioingia juzi, nikiwa juu ya ngazi nafunga kamera kwenye ukuta wa mteja. Ulikuwa wa mzee wangu. Hatujaandikiana sana, salamu za sikukuu tu, na daima yeye ndiye anayeanza. Anasema binti hakuwahi kumaliza ile miezi minne, chuo hakikumsubiri, alikaa nyumbani, akauza vocha, sasa amepata kampuni ya kumpeleka Doha. Ulinzi, upande wa wanawake. Jengo lile lile. Amehojiwa kwa simu na mama mmoja wa Kimombasa, mpole sana, aliyemwuliza maswali mengi kuhusu baba yake. Anaondoka Alhamisi. "Injinia, wewe ulikaa vizuri na huyo mama. Mwandikie neno moja amtazame mtoto kama wake."

Nilishuka ngazi. Mafundi wangu waliniuliza kama naumwa.

Nimekaa na simu siku mbili. Najua neno moja langu litafanya nini kule: litafungua bahasha ya kahawia, na binti atapewa kiti, na siku moja karatasi itasukumwa mbele yake, hebu nisomee, mwanangu. Nikinyamaza pia, mama yule anajua tayari ni binti wa nani.

Leo asubuhi, kabla ya kufungua duka, nimemwandikia mzee wangu. Nimemwambia asimpeleke, na kwamba kama ni kazi, hapa dukani ipo, aje na kitambulisho tu. Kisha nimeandika sababu. Nimefuata sheria ile niliyojifunza kwenye duka la sidii, ya kutaja kitu kilikotoka bila kukipamba. Mteja hawezi, niliwaambia mimi. Wewe uliniuliza tukiwa kati ya vitanda, nikasema sijui. Mwisho nikaweka kistari, na herufi tatu, na tarakimu mbili.

Tiki mbili za buluu zilitokea saa tatu kasorobo. Chini ya jina lake pakaandikwa kwamba anaandika. Kisha pakafutika. Sasa ni saa kumi alasiri, Alhamisi ni kesho, na ameshaanza kuandika mara nne.